Mashahidi Wawili wa Maji Yaliyofichika
Namna setilaiti na hesabu zinavyosaidiana kuujua unyevu wa udongo, na kwa nini jambo hili linahusu chungu cha kila nyumba

Mkulima aendapo shambani baada ya mvua za kwanza za masika, aghalabu hatazami juu, huinama. Hufukua kidogo kwa ncha ya jembe, hutwaa udongo kiganjani, huufinya, kisha huufungua mkono. Udongo ukishikamana kama tonge, hujua kwamba maji yameingia. Ukimwagika kama unga, hujua kwamba mvua ile imelowesha vumbi tu, na kwamba mbegu atakayoifukia leo huenda ikaharibika kabla haijachipua. Katika kitendo hicho kidogo mna uamuzi mzito, kwa kuwa nyumba nyingi huwa na mbegu ya kupanda mara moja, wala si mara mbili.

Kiganja hicho ni chombo kizuri, lakini hupima shamba moja. Wilaya ina maelfu ya mashamba, na nchi ina wilaya nyingi. Wale wanaopaswa kuamua mapema kama chakula kitatosha, kama maghala ya akiba yafunguliwe, au kama wafugaji waonywe wahame, hawawezi kuinama katika kila shamba. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi wanasayansi walivyolikabili tatizo hilo, na jinsi walivyopata jibu kwa kuvichanganya vyombo viwili ambavyo kila kimoja, kikiachwa peke yake, hukosea.

Maji machache yenye kazi kubwa

Tukiyakusanya maji yote ya dunia, ya bahari, barafu, maziwa, mito na visima, maji yaliyomo katika udongo hayafiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Hata hivyo, mhindi haunywi bahari wala mtama haunywi mto. Mmea hunywa yale maji machache yaliyoshikwa baina ya chembe za udongo, na yakikauka hayo, hufa hata kama ziwa liko umbali wa nusu saa kwa miguu.

Watu wengi hudhani kwamba kuijua mvua kunatosha. Sivyo. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya kichanga, sehemu kubwa hupenya upesi na kushuka chini. Ikinyesha juu ya mfinyanzi uliokauka na kuwa mgumu, nyingine hutiririka bondeni kabla haijaingia. Ikifuatwa na siku tano za jua kali na upepo, hali huwa moja. Ikifuatwa na mawingu, huwa nyingine. Na iwapo udongo umekwisha kujaa, hata mvua ya kawaida huwa mafuriko, kwa sababu haina pa kuingia. Watu wa bonde la Rufiji hawahitaji kuelezwa jambo hili: mafuriko ya Aprili 2024 yaliwakuta baada ya miezi mingi ya mvua, ardhi ikiwa imekwisha kushiba.

Wataalamu hupima unyevu kwa kuuliza swali jepesi: katika kila lita 100 za udongo, lita ngapi ni maji? Kichanga kilichokauka kinaweza kuwa na lita 5 au pungufu. Mfinyanzi uliojaa unaweza kuwa na 40 au zaidi. Lakini namba hiyo nayo yataka kusomwa kwa akili. Lita 15 katika kichanga ni neema, ilhali katika mfinyanzi mzito mmea huenda umekwisha kuanza kunyauka, kwa kuwa mfinyanzi huyashika maji yake kwa nguvu na haupi mzizi kwa urahisi.

Shahidi wa kwanza yuko angani

Kila kitu chenye joto, hata ardhi tunayoikanyaga, hutoa mawimbi dhaifu ya aina ya redio. Macho hayayaoni, lakini antena nyepesi kuhisi huyapokea. Maji yana tabia ya pekee mbele ya mawimbi hayo: udongo mkavu huyatoa kwa wingi, na udongo uliolowa huyatoa kwa uchache. Basi chombo kilicho juu angani kikiweza kupima nguvu ya mawimbi hayo, kinaweza kukisia udongo una maji kiasi gani.

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii kwa kutumia mawimbi ya urefu wa sentimita 21 hivi ni SMOS ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa tarehe 2 Novemba 2009. Ikafuatwa na SMAP ya shirika la Marekani la NASA, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015. SMAP huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 685, ikibeba antena ya wavu yenye upana wa mita 6, nayo antena hiyo huzunguka zaidi ya mara 14 kwa dakika ili ifagie ukanda mpana wa ardhi. Hupita juu ya mahali karibu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na kila pembe ya dunia hupimwa mara moja katika siku mbili au tatu. Fadhila kubwa ya mawimbi haya ni kwamba hupenya mawingu. Kamera ya kawaida hupofuka wakati wa masika, wakati uleule habari za udongo zinapohitajika zaidi. Antena hii haipofuki.

Lakini shahidi huyu ana upungufu wake, nao si mdogo.

Kwanza, huona ngozi ya ardhi tu, yaani sentimita 5 za juu, ilhali mizizi ya mahindi hushuka hadi mita moja na zaidi. Pili, hatofautishi shamba na shamba. Kipimo chake kimoja hukusanya habari za eneo lenye upana wa kilomita 40 hivi, na ndani ya eneo hilo mnaweza kuwa na mlima, mji, bwawa na vijiji 20. Tatu, baina ya ziara moja na nyingine hukaa kimya siku mbili au tatu, na katika siku hizo mvua huweza kunyesha na udongo ukakauka tena. Nne, msitu mnene humziba, kwa kuwa majani na matawi yana maji yao, nayo hutoa mawimbi yao. Tano, husumbuliwa na mitambo ya redio inayorusha mawimbi katika masafa ambayo kwa makubaliano ya kimataifa yametengwa kwa ajili ya uchunguzi wa kisayansi. SMOS ilipoanza kazi ilikuta kelele za namna hiyo katika sehemu nyingi za Ulaya, Asia na Mashariki ya Kati.

SMAP ilipata pia msiba wake. Ilikuwa imepewa rada iliyotarajiwa kuona kwa undani zaidi kuliko antena pekee. Tarehe 7 Julai 2015, baada ya miezi michache tu, rada hiyo ilizimika wala haikufufuka. Wataalamu walilazimika kutafuta njia nyingine, na mojawapo ilikuwa kuunganisha vipimo vya SMAP na vile vya rada za Ulaya ziitwazo Sentinel-1. Hapo ndipo ilipodhihirika zaidi kwamba kazi hii haiwezi kubebwa na chombo kimoja.

Shahidi wa pili ni daftari

Shahidi wa pili hayuko angani. Ni kielelezo cha hesabu kinachoendeshwa ndani ya kompyuta, na njia rahisi ya kukifahamu ni kukifananisha na daftari la matumizi ya nyumbani. Mwenye nyumba makini huandika kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa siku hujua kilichobaki bila ya kufungua mkoba. Kielelezo hufanya vivyo hivyo kwa maji. Mapato ni mvua. Matumizi ni yale yanayofukizwa na jua na upepo, yanayonywewa na mimea, yanayotiririka juu ya ardhi na yanayozama chini kupita mizizi. Salio ndilo unyevu wa udongo.

Daftari hili lina fadhila ambazo setilaiti haina. Halina siku ya kukaa kimya; huandika usiku na mchana. Halikomei kwenye ngozi. Huhesabu tabaka la mizizi hadi mita moja. Halizibwi na msitu. Kwa kuwa limejengwa juu ya kanuni za maumbile, yaani maji hayapotei bali huhama, huweza kuendelea kukisia hata pale ambapo hakuna aliyepima.

Lakini tabia ya daftari inajulikana: mapato yakiandikwa vibaya, kila salio linalofuata huwa baya. Kielelezo kikiambiwa kwamba Jumatatu ilinyesha milimita 20, kumbe zilinyesha 5, kitaendelea kudhani kwamba udongo umelowa kwa siku nyingi, na hakuna ndani ya hesabu hiyo chochote cha kukishtua. Ramani za aina za udongo nazo huwa na makosa. Na vielelezo vingi havina habari za umwagiliaji. Watu wakifungulia mifereji na kulowesha bonde zima katikati ya kiangazi, daftari litasema bonde ni kavu, kwa sababu mvua haikunyesha. Setilaiti, kwa upande wake, haijali maji yametoka wapi. Ikipita huona udongo umelowa.

Kuwapatanisha mashahidi

Basi tuna mashahidi wawili. Mmoja ameona kwa macho lakini kwa mbali, kwa juujuu na kwa vipindi. Mwingine hakuona, ila anafahamu mambo yanavyokwenda na ana kumbukumbu isiyokatika. Wakihitilafiana, tumwamini nani?

Jibu la haraka ni kuchukua wastani wao. Jibu bora ni kumpa kila mmoja uzito kwa kadiri ya uaminifu wake katika jambo lile na mahali pale. Kanuni ya kufanya hivyo kwa mfululizo, hatua baada ya hatua, iliwekwa na Rudolf Kálmán, mhandisi aliyezaliwa Budapest mwaka 1930 na kufanya kazi Marekani. Aliichapisha mwaka 1960, na haikuchukua muda ikatumika katika safari za Apollo za kwenda mwezini, ili kukadiria chombo kiko wapi. Hadi leo hujulikana kama chujio la Kalman.

Watu wa pwani hawatashangazwa na fikra yake. Nahodha wa jahazi anayesafiri usiku kutoka Mombasa kwenda Unguja hupiga hesabu: tumekwenda upande huu, kwa mwendo huu, kwa saa hizi, basi tuko hapa. Kila saa ipitayo, shaka yake huongezeka, maana mkondo wa maji humsukuma asikokujua. Akiiona taa ya mnara, huirekebisha hesabu. Kukiwa kweupe, huiamini taa zaidi. Kukiwa na ukungu na taa inaonekana kwa kufifia, huirekebisha kidogo tu. Kisha huanza kuhesabu tena kutoka pale aliporekebisha, hadi taa nyingine. Kielelezo cha udongo ni hesabu ya nahodha. Setilaiti ni taa ya mnara.

Tutoe mfano wa namba. Tuseme daftari linakisia lita 20 za maji katika lita 100 za udongo, na kwa kawaida hukosea kwa kiasi cha lita 6. Setilaiti inasema 30, nayo kwa kawaida hukosea kwa lita 3. Kanuni hii hupima uzito kwa kulinganisha makosa yaliyozidishwa kwa yenyewe: 6 mara 6 ni 36, na 3 mara 3 ni 9. Jumla ni 45. Setilaiti hupewa 36 katika 45, yaani nane ya kumi ya imani, na daftari hupewa mbili ya kumi zilizobaki. Tofauti yao ni 10. Tunasogea nane ya kumi ya njia hiyo kuelekea setilaiti, na jibu linakuwa 28.

Sasa twende kwenye msitu mnene, ambako mambo yamepinduka: setilaiti ndiyo hukosea kwa 6 na daftari kwa 3. Kwa ushahidi uleule wa 20 na 30, jibu linakuwa 22. Mashahidi ni walewale na maneno ni yaleyale, lakini hukumu imebadilika kwa sababu mahali pamebadilika.

Jambo la kufurahisha zaidi ni hili. Katika mifano yote miwili, kosa linalotarajiwa katika jibu la mwisho ni lita 2.7 hivi, dogo kuliko kosa la shahidi aliye bora, ambalo ni 3. Hata shahidi dhaifu, akipewa uzito unaomstahili, huongeza kitu. Kumtupa kabisa kwa kuwa ana kasoro kungekuwa hasara.

Nakala 24 za dunia moja

Ugumu unabaki katika swali moja: tunajuaje kwamba leo, mahali hapa, daftari linakosea kwa 6 wala si kwa 2? Njia inayotumika sana ilipendekezwa na Geir Evensen wa Norway mwaka 1994. Badala ya kuendesha daftari moja, huendeshwa madaftari mengi kwa pamoja, kila moja likipewa mvua na jua vilivyotofautishwa kidogo. Nakala hizo zikikubaliana, shaka ni ndogo. Zikitawanyika, shaka ni kubwa, na ushahidi wa setilaiti hupewa nafasi zaidi.

Njia hiyo ina faida nyingine. Tukizitazama nakala, tutaona kwamba zile zilizolowa juu aghalabu zimelowa chini pia. Uhusiano huo ukijulikana, kipimo cha sentimita 5 za juu huweza kurekebisha makisio ya mita nzima ya chini. Hivi ndivyo setilaiti isiyoiona mizizi inavyosaidia kuyajua maji ya mizizi.

NASA hutoa matokeo ya namna hii kwa dunia nzima, katika kazi iliyoongozwa na mtaalamu Rolf Reichle wa kituo cha Goddard huko Maryland. Hutumia nakala 24, hurekebisha kila baada ya saa tatu pale setilaiti inapokuwa imepita, na huonyesha unyevu wa juu na wa tabaka la mizizi kwa vipande vya kilomita 9. Kumbukumbu zake zinaanzia tarehe 31 Machi 2015, hupatikana siku mbili au tatu baada ya kipimo, na hazilipiwi. Lengo lililowekwa ni kosa lisilozidi lita 4 katika lita 100, likipimwa dhidi ya vyombo vilivyofukiwa ardhini katika nchi mbalimbali.

Kabla ya kuwapatanisha mashahidi, liko sharti jingine. Kila mfanyabiashara anajua tofauti ya mizani inayoyumba na mizani inayozidisha. Inayoyumba, leo huongeza kidogo na kesho hupunguza. Ukipima mara nyingi utaupata ukweli. Inayozidisha huongeza gramu 50 kila siku, na ukipima mara elfu utadanganyika mara elfu. Chujio la Kalman huwatibu mashahidi wanaoyumba, halimtibu anayezidisha. Kwa hiyo wataalamu huchukua kumbukumbu za miaka kadhaa, hulinganisha tabia ya setilaiti na tabia ya daftari, na kuondoa tofauti ya kudumu baina yao. Wakiiruka hatua hii, wanaweza kuikausha au kuilowesha nchi nzima kwenye karatasi.

Afrika, mahali ambapo daftari halina mapato ya uhakika

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi moja kwa moja. Tumesema daftari hutegemea mvua iliyoandikwa. Katika Ulaya na Marekani kuna maelfu ya vipimamvua vinavyosomwa kila siku, na vipimo hivyo hutumika kusahihisha makisio ya mvua kabla hayajaingia katika hesabu. Katika matoleo ya awali ya mfumo huu wa NASA, usahihishaji huo wa kila siku haukufanywa kwa Afrika, kwa sababu vipimamvua vilivyotuma habari vilikuwa vichache mno kuweza kuaminiwa. Bara zima liliachiwa mvua ya kukisiwa na kompyuta ya hali ya hewa.

Kutokana na hayo, ushahidi wa setilaiti una thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa wenye vipimamvua vingi. Penye daftari sahihi, setilaiti huongeza kidogo. Penye daftari la kubahatisha, husahihisha mengi. Watafiti wa Marekani waliochunguza jambo hili kwa ajili ya idara ya kilimo ya nchi yao, ambayo hukadiria mavuno ya dunia nzima, walikuta hali hiyo hiyo: faida ya kuchanganya ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo vipimo vya mvua ni haba.

Ila tusidhani kwamba setilaiti imekifuta kipimamvua cha shule au cha zahanati. Kinyume chake, shahidi wa angani huhitaji kujaribiwa kwa shahidi wa ardhini, na kila kituo kinachokufa kwa kukosa matengenezo hutupunguzia njia ya kujua kama makisio yale ni ya kweli.

Kutoka hesabu hadi chungu

Mnamo Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu za Somalia. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walifariki, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maonyo yalikuwa yametolewa miezi mingi kabla, msaada ukachelewa. Tunalitaja hili ili tusije tukaipa sayansi sifa isiyo yake: makisio mazuri hayajazi chungu. Huondoa tu udhuru wa kusema hatukujua.

Miongoni mwa waliotoa maonyo ni mtandao uitwao FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia na Sudan. Leo hutumia vielelezo vya ardhi vinavyolishwa makisio ya mvua yanayochanganya setilaiti na vituo vya ardhini, yenye kumbukumbu tangu 1981, ili kuona wapi udongo umekauka kuliko kawaida kabla mimea haijanyauka. Mwanzoni mwa 2025 kazi yake ilisimama kwa miezi kadhaa, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Hilo ni funzo juu ya hatari ya kutegemea jicho la mwingine. Ni jambo la heri kwamba kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, kilichoko Kenya na kinachohudumia nchi 11 zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kina mfumo wake wa kuangalia ukame, na upungufu wa unyevu wa udongo ni moja ya alama zake.

Unyevu wa udongo huonya pia juu ya nzige. Nzige wa jangwani hutaga mayai katika mchanga wenye unyevu, sentimita kadhaa chini. Mchanga mkavu hawautaki. Akijua wapi jangwa limelowa, mtu anaweza kuwatuma wakaguzi kabla makinda hayajaota mbawa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilishirikiana na Shirika la Anga la Ulaya kuichanganya SMOS na picha za setilaiti nyingine ili kupata ramani za unyevu za kilomita moja kwa kazi hiyo. Waliokuwa kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 2019, makundi yalipoingia, wanajua thamani ya kuonywa mapema.

Na iko bima. Katika kaunti ya Wajir, wafugaji walianza mwaka 2013 kupata bima ya mifugo ya mfumo wa takaful, na malipo yakatolewa mwaka 2014. Bima hiyo haimtumi mtu kwenda kuhesabu mizoga. Hutazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, na ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wanachama hulipwa. Uzuri wake ni wepesi na kuondoa ubishi. Hatari yake ni kwamba kipimo kikisema malisho yapo ilhali kwa fulani hayapo, fulani huyo hupoteza ng'ombe na asipate kitu, ingawa alichangia kwa uaminifu. Katika bima za namna hii, kosa la kipimo huwa ni haki ya mtu. Unyevu wa udongo, ambao hubadilika kabla ya ukijani, ni shahidi wa kuongezwa katika mizani hiyo.

Palipo na mipaka

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wanauliza: je, Unguja na Pemba? Hapa twapaswa kusema wazi. Unguja kwa upana wake mkubwa ni kama kilomita 40, na Pemba ni nyembamba zaidi, ilhali kipimo kimoja cha antena ya SMAP hufunika upana huohuo wa kilomita 40. Maana yake ni kwamba bahari huingia katika karibu kila kipimo, na kwa kuwa bahari hutoa mawimbi machache, udongo huonekana umelowa kuliko ulivyo. Vipimo vya namna hiyo havifai kuaminiwa, na kwa mahali kama hapo daftari huachwa likisema peke yake. Kadhalika kandokando ya Ziwa Viktoria na penye milima mikali.

Matumaini yamo katika rada zinazoona kwa karibu zaidi. Setilaiti ya NISAR, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Marekani na India na kurushwa kutoka India tarehe 30 Julai 2025, imekusudiwa pamoja na mengine kupima unyevu kwa vipande vya mita 200 hivi. Hupita mahali kwa mzunguko wa siku 12, kwa hiyo nayo itahitaji daftari la kuijazia siku za katikati.

Jaribio la nyumbani

Tunawapa wazazi kazi ndogo ya kufanya na watoto siku ya mapumziko. Chukueni kopo la udongo kutoka bustanini na mlipime kwenye mizani ya jikoni; tuseme udongo peke yake, bila ya kopo, ni gramu 500. Utandazeni kwenye sinia na kuuanika juani hadi ukauke kabisa, huku mkiugeuza. Upimeni tena. Ukiwa gramu 400, basi maji yalikuwa gramu 100, yaani robo ya uzito wa udongo mkavu. Katika maabara hufanywa hivyohivyo, ila hutumika tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24. Hicho ndicho kipimo cha msingi ambacho vyombo vingine vyote vya unyevu, hata vya angani, hulinganishwa nacho mwishowe.

Kabla ya kupima, kila mtoto akisie na aandike. Mtakapopata jibu, angalieni nani alikaribia, kisha rudieni wiki ijayo kwa udongo mwingine. Baada ya mara nne au tano mtaanza kujua makisio ya nani yapewe uzito zaidi, na nani huzidisha kila siku kwa kiasi kilekile. Watoto watakuwa wamefanya, kwa sinia na mizani, sehemu kubwa ya yale tuliyoyaeleza hapa.

Kwa walio na mashamba, tunashauri jambo moja zaidi. Ulizeni kwa afisa ugani kipimamvua kilicho karibu nanyi kiko wapi, kama kinasomwa, na habari zake hupelekwa kwa nani. Kikiwa kimevunjika au kimezibwa na matawi ya mwembe uliokua juu yake, lisemeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji, lipate mtu wa kulishughulikia kabla ya vuli.